Mkono wa Kushoto wa Gauni

Fundi cherehani huyu alikuwa na mkono unaovuma. Si mzaha. Figo zake zilipoharibika, madaktari walimpasua mkono wa kushoto wakaunganisha mishipa miwili karibu na kiwiko, ili sindano za mashine ya kusafisha damu zipate pa kuingilia. Tangu siku hiyo damu ilipita pale kwa kasi. Ukiweka kiganja ulihisi mtetemo kama wa paka anayekoroma, na ukitega sikio ulisikia kabisa: vuuu, vuuu, vuuu.

"Nilioa mwanamke, nimebaki na friji," mumewe alizoea kusema. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mtu wa maneno machache na mzaha huo mmoja alioutumia mpaka ukachakaa. Lakini alilala upande huo huo wa kushoto, na mwenyewe alikiri kwamba bila ule mvumo hapati usingizi.

Wauguzi walimwambia fundi: kila asubuhi, kabla hujamsalimia mtu, gusa mkono. Ukivuma, shukuru. Ukinyamaza, njoo mbio, maana damu imeganda.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikwenda hospitali, akakaa kitini damu yake ikitoka na kurudi. Kiti cha jirani, cha dirishani, kilikuwa cha mama mmoja aliyewahi kuwa matroni wa bweni la wasichana. Wote walimwita Kiranja, kwa sababu alimjua mgonjwa aliyekunywa maji kupita kipimo alichopewa kwa kumtazama uso tu, na alimkemea hata awe mtu mzima mwenye mvi. Siku moja daktari mgeni alipita akimuuliza kila mgonjwa, "Maisha yanaendaje?"

"Hayaendi," Kiranja akamjibu. "Yanakuja hapa Jumatatu, yanarudi nyumbani yamelegea, Jumanne yanalala, Jumatano yanakuja tena. Wewe andika naendelea vizuri."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Kilipotulia, Kiranja akamgeukia fundi na kusema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, nina kazi yako. Kitinda mimba wangu anaolewa."

Mkono wa Kiranja ulikuwa umeharibiwa na miaka ya sindano. Mishipa ilikuwa imevimba na kujikunja kama kamba yenye mafundo. Kwenye sherehe moja mtoto alipiga kelele kwamba bibi ana nyoka mkononi, na tangu hapo Kiranja hakukanyaga tena penye watu wengi. Kiu aliizoea, kuwashwa ngozi alikuzoea, hata uchovu. Macho ya watu ndiyo yaliyomshinda.

"Nitakushonea mkono mpana wenye bitana laini," fundi akasema. "Ndani yake zipu, nje haionekani. Hata muuguzi akitaka kukuchoma sindano ukumbini, atafungua tu."

"Basi nipime sasa hivi, kabla sijaghairi."

Akampima pale pale, amefungwa kwenye mashine. Tepu ilipozunguka mkono wa kushoto, fundi alihisi mvumo wa mwenzake ukipanda vidoleni. Haukuwa kama wake. Ulikuwa mzito, wenye kukwaruza, na kila baada ya muda ulikatika kidogo kama mtu anayemeza mate, kisha ukaendelea.

"Ukishika nguo yangu usiiache njiani," Kiranja akamwambia.

Alikata kitambaa cha kijani kilichokolea. Gauni lilikuwa limebaki kutiwa mkono wa kulia tu Kiranja alipofariki, Jumapili, nyumbani kwake. Moyo ulisimama tu. Jumatatu fundi alikuta kiti cha dirishani kimetandikwa shuka safi.

Jumatano fundi hakwenda hospitali.

"Nimechoka," alimwambia mumewe, ambaye tayari alikuwa mlangoni na viatu miguuni.

"Umechoka nini? Si kukaa tu?"

"Basi kakae wewe."

Mumewe alivua kiatu kimoja, akakitazama, akakivaa tena. "Mke wangu, nikikwambia twende, nakuomba. Sikuamrishi."

"Ijumaa," fundi akasema, na akageukia ukutani. Hakugusa mkono asubuhi ile, wala iliyofuata.

Alhamisi mchana alikaa chumba cha mbele, penye cherehani, miguu mizito kama magunia. Mumewe alikuwa kazini. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Feni imesimama, friji imenyamaza, jua limelala sakafuni. Ndipo akasikia: vuuu, vuuu.

Alidhani ni nyuki. Akatazama dirishani, hakuna nyuki. Akaenda jikoni, akaweka mkono juu ya friji. Baridi na kimya. Aliporudi chumbani mvumo ukaongezeka. Ulikuwa mzito, wenye kukwaruza, na kila baada ya muda ulikatika kidogo, kama mtu anayemeza mate.

Gauni la kijani lilikuwa limetundikwa kwenye henga nyuma ya mlango. Lilitulia, ila mkono wa kushoto. Kitambaa chake kilikuwa kikitetemeka taratibu, kama ngozi ya mnyama anayefukuza inzi. Fundi alikisogelea, sijui kwa ujasiri gani, akakishika. Kilikuwa na joto. Joto la mwili wa mtu.

Aliruka nyuma akaukumbatia mkono wake mwenyewe kifuani, na hapo ndipo alipogundua. Wake haukuvuma. Aliubonyeza, akaupeleka sikioni. Ulikuwa kimya kama kuni.

"Baba," alimwambia mumewe kwenye simu, "njoo. Mkono umezima."

Mumewe alifika na rangi nyeupe usoni na nyweleni, kwa teksi ambayo dereva wake alilalamika njia nzima kuhusu viti. Hospitali walimwingiza moja kwa moja, wakauzibua mshipa, wakamfunga kwenye mashine jioni ile ile. "Ungengoja Ijumaa," daktari akasema akivua glavu, "sumu iliyojaa kwenye damu ingekusimamisha moyo njiani."

Nyumbani alimsimulia mumewe yote. Mumewe alienda nyuma ya mlango, akaweka kiganja kwenye gauni, akakaa hivyo kwa muda.

"Mimi nasikia kitambaa tu," akasema. Lakini alipourudisha mkono aliupangusa kwenye suruali, na siku nzima hakupita tena karibu na mlango ule. "Tulichome, mama."

"Si letu. Na sijalimaliza."

Alifumua bitana ya mkono wa kushoto ajue kilichomo. Nyuzi, zipu, basi. Akaishona upya, kisha akatia na mkono wa kulia uliobaki. Wiki hiyo gauni halikutoa sauti.

Mdogo wake Kiranja ndiye aliyekuja kulichukua. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, mwenye duka la vyombo. "Nitalivaa mimi harusini," alisema. "Mtoto hana mama mwingine sasa." Akalivaa mbele ya kioo. Lilimkaa kana kwamba alipimiwa yeye. Kisha akacheka na kuukunja mkono wa kushoto. "Fundi, umetia nini humu? Unanitekenya!"

Fundi aliusikia mvumo wazi, toka upande wa pili wa chumba. Macho yake yakashuka miguuni pa yule mama. Mikanda ya viatu ilikuwa imezama kwenye nyama, na pale alipousogeza mmoja lilibaki shimo lisilojaa.

"Dada, umewahi kupimwa figo?"

"Mimi? Mimi mzima kama chuma."

"Miguu yako imevimba. Yangu ilianza hivyo. Na hili ni jambo linalofuata damu ya ukoo. Twende pamoja kesho, nitakusindikiza."

Kicheko kikafa. "Nimetoka kumzika dada yangu, nawe unanitabiria? Nipe mfuko niondoke." Akaondoka bila kwaheri.

Harusi ikapita. Fundi alialikwa, akakaa nyuma. Alimwona yule mama akicheza na bibi harusi, akishangilia, na kila wimbo ulipokwisha akiukamata mkono wake wa kushoto na kuubana ubavuni, kama mtu anayemzuia mtoto asiseme jambo mbele za watu.

Siku chache baadaye yule mama alibisha hodi kwa fundi, gauni likiwa ndani ya mfuko. Macho yalikuwa mekundu.

"Siwezi kukaa nalo nyumba moja," akasema. "Liko kabatini, nami nalisikia dukani. Nalisikia nikiwa nahesabu vikombe. Fundi, twende."

Wakaenda. Shinikizo la damu lilikuwa juu ajabu. Figo zilikuwa zimeanza kushindwa kazi, lakini hazijashindwa kabisa. Daktari alisema wamezikuta mapema. Alipewa vidonge, akakatazwa chumvi na dawa za maumivu alizozoea kumeza kama karanga. Mashine, alisema daktari, huenda asiihitaji kwa miaka mingi, huenda asiihitaji kabisa.

Walirudi kwa fundi wakiwa hoi. Mfuko ulikuwa mezani walipouacha. Yule mama aliutazama, akamtazama fundi. Fundi akalitoa gauni, akalitandaza, akaunyoosha mkono wa kushoto. Wakaweka viganja vyao juu yake, wote wawili, wakangoja.

Kitambaa kilikuwa baridi. Kijani, kimechafuka kidogo kwenye pindo, chenye harufu ya manukato ya harusini.

"Ameondoka," mdogo wake akasema.

Tangu ile Jumatatu ya kiti kitupu, fundi hakuwa ametoa chozi. Sasa alikaa kwenye kiti cha cherehani, akalia kwa sauti, akimwita Kiranja dada, dada, na yule mama akasimama nyuma yake, akimpapasa bega.