Neno la Mlangoni

Walimwita Kasuku kwa sababu alisoma tamthilia mara mbili tu akajua maneno yake na ya wenzake. Sasa Kasuku alikuwa amekwama. Katika onyesho la pili, binti anaingia chumbani kwa mama yake mgonjwa na kusema, "Mama, nimefika." Basi. Hata mtoto anayaweza maneno hayo, lakini kila Kasuku alipofungua mlango, ulimi ulimteleza: "Mama, nakuja."

"Kesho watu wanakaa kwenye viti vile!" mwongozaji alifoka. "Ukikosea tena, nafasi nampa mwenzako."

Nyuma ya ukumbi alikaa mwanasaikolojia, mtu mpole ambaye kikundi kilimwalika kila kilipoandaa tamthilia mpya. Kwake yeye, tamthilia ni ndoto ya watu wengi, na anayekosea neno hakosei bure. Waigizaji walimtania kwamba hata ukipiga chafya atakuuliza habari za utotoni.

"Dada," alisema, "tuyaache kwanza mambo ya kusahau. Hilo 'nakuja' ulimwambia nani?"

Kasuku alicheka. Kisha kicheko kikamkauka.

"Mama yangu. Kwenye simu. Yeye alikuwa wodini, mimi nilikuwa hapa hapa, mazoezini. Mwongozaji akasema tumalizie onyesho moja tu, nikamalizia. Nilipofika, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na Kasuku maradhi yake alikuwa ameyaficha miaka yote nyuma ya maneno ya watu wengine. Mwongozaji alitazama viatu vyake.

Shangazi, kama kikundi kilivyomwita mama wa makamo aliyeigiza mgonjwa, alikuwa bado amelala juu ya mabenchi mawili yaliyofunikwa shuka. Katika onyesho lile hana neno hata moja. Hakufumbua macho.

"Njoo tu, mwanangu," alisema. "Mimi bado nipo."

Kasuku alitoka, akaufunga mlango, akaufungua tena. Alitembea hadi kwenye mabenchi, akapiga magoti, akaushika ule mkono wenye joto.

"Mama, nimefika."

Akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata mazishini. Uchungu ulimtoka wote, na hakuona haya.

"Hapo hapo!" mwongozaji alidakia, mazoea ya kazi yamemtangulia. "Umepatia. Haya, tuendelee, onyesho linalofuata."

Kasuku hakugeuka.

"Endeleeni nyinyi," alisema. "Mimi nipo na mama."