Vyumba vya Ng'ombe wa Mokami

"Sirudi, mama. Ukitaka, nenda wewe ukaishi naye."

Scholastica alikuwa amepiga magoti mbele ya binti yake, akimkanda jicho kwa kitambaa cha maji ya chumvi. Ugomvi ulianza kabla chai haijachemka. Alikwisha kumwambia Mokami kwamba hakuna ndoa isiyo na moshi, kwamba Jackson akiacha pombe ni mtu mwema, kwamba hata marehemu baba yake aliwahi kurusha kiti. Mokami alijibu kila neno. Kiti, alisema, kilirushwa mara moja, nacho kikakosa.

"Vumilia mpaka mavuno."

"Mpaka mavuno, au mpaka upaue?"

Scholastica akachovya kitambaa tena. Nje ya dirisha, kwenye kiwanja chake cha pili, zilisimama kuta za vyumba vya kupangisha, hazina paa wala milango.

Wazo la vyumba lilimwingia pale madereva wa watalii walipoanza kuhangaika na malazi hapo Mugumu. Alikwenda benki, wakataka hati ya kiwanja, naye alikuwa na karatasi ya mauziano tu. Kikoba kilimkopesha, mkopo ukaishia kwenye msingi. Fundi akamshauri achukue kodi ya mwaka mzima kwa wapangaji kabla hajajenga. Akaona huo ni wizi uliovaa tai. Ndipo Mokami akaposwa, ng'ombe wa mahari wakaja kutoka Kenyamonta, na Scholastica, mjane asiye na kijana wa kuoa kwa ng'ombe hao, akawapeleka mnadani wote. Mkopo usio na riba, aliwatambia wenzake wa kikoba, nao wakamsifu kwa akili.

Kila Mkurya anajua kwamba binti akirudi kwao moja kwa moja, ng'ombe nao hurudi walikotoka. Yeye pia alijua. Alipiga hesabu ya saruji, nondo na mbao, hilo akaliweka pembeni kama mtu anavyoacha kuwaza kifo.

"Uliwasema watu wa benki kwamba hawana utu, hawatoi shilingi bila dhamana," Mokami alisema. Hakuwa akipaza sauti tena. "Wewe dhamana yako ilikuwa nani, mama?"

Ulimi wa kujibu alikuwa nao, mtaa mzima unaujua. Lakini kilichomjia ni safari ya mwisho ya kumrudisha Mokami kwa mumewe, mkono wa binti ukiwa umefungwa kwa kanga. Alimkabidhi kwa wakwe, akanywa uji wao, akapanda bodaboda kurudi Mugumu. Kabla ya kufika nyumbani aliteremka kwenye duka la vifaa vya ujenzi kuchagua rangi ya madirisha. Alisimama pale akilinganisha kijani na kijivu, na alikuwa na furaha. Hakuna aliyelijua hilo, hata Mokami. Sasa lilimchoma mpaka masikioni. Alishindwa kuendelea kulikanda lile jicho.

"Vaa viatu," alisema.

Mokami alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Scholastica aliiona hofu ile, akatambua kwamba mara hii binti hakumwogopa Jackson. Alimwogopa mama yake.

"Hatuendi Kenyamonta, mwanangu. Tunakwenda kwa Athuman."

Athuman ndiye mwenye duka lile la ujenzi, na kiwanja cha Scholastica alikuwa amekitamani siku nyingi. Walimkuta akipima misumari. Scholastica alieleza shida bila kuipamba: anauza kiwanja na kuta zake, leo, ili arudishe mahari. Athuman alimtazama Mokami usoni, akashusha macho, kisha akataja bei ya mtu anayejua kwamba muuzaji ana haraka. Ingetosha ng'ombe, isingebaki hata ya bati moja. Siku nyingine Scholastica angebishana mpaka adhuhuri. Leo alimwambia amwite mwenyekiti wa mtaa aje na muhuri.

Walitia saini juu ya mfuko wa saruji. Pesa zilipoingia kwenye simu, alimpigia palepale mzee Heche, baba yake Jackson, sauti ikisikika duka zima.

"Shikamoo, mzee. Siku ya mnada tuma vijana waje wachague ng'ombe, nitalipia mimi. Mokami yuko kwangu, na harudi."

Mzee alianza kusema kwamba mambo ya ndoa hayamalizwi kwa simu, kwamba kuna vikao. Scholastica alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kikao nitakuja, mzee. Na nitasema mbele yao kwamba kila alipokimbia, nilimrudisha mimi, kwa sababu ng'ombe nilikuwa nimewauza nikajenga."

Alikata simu. Mwenyekiti alijifanya kufuta muhuri wake. Scholastica aligeuka kumtafuta binti yake, lakini Mokami alikuwa amekwisha kutoka, amesimama barabarani, amewapa mgongo.