Mabegi Yaliyorudi Mazito

Mabegi ya wageni niliyashusha mimi siku waliyofika, na siku ya kuondoka niliyapakia mimi. Kwa hiyo nikisema uzito wake ulikuwa uleule, nasema jambo ambalo mgongo wangu unalijua. Walikuwa wanafunzi kumi na mmoja wa chuo kimoja cha Kikristo cha Marekani, wamekuja kututumikia kwa siku kumi na nne. Kazi yangu mimi ni kufagia kanisa, kugonga kengele na kubeba kila kitu ambacho wakubwa wa kanisa hawataki kukibeba.

Siku ile ya kwanza waliyafungua mabegi palepale uani. Nusu ya mzigo haikuwa nguo. Zilikuwa dawa za minyoo, miwani, bandeji, vipimo vya presha, na mashine mbili za mvuke, zile zenye barakoa ya plastiki ambazo mtu mwenye pumu huvikwa usoni akapata pumzi. Watu waliwatazama wageni. Mimi nilizitazama mashine. Binti yangu Irini ana pumu. Mama yake, Mufida, alikuwa nayo pia, na huu ni mwaka wa tatu yuko makaburini.

Mufida alibanwa kifua mwezi wa tano, wakati mashine za kupuria ngano zinapofanya kazi na hewa yote ya kijiji inageuka makapi. Ilikuwa saa sita mchana. Nikambeba mpaka zahanati ya kanisa, hata hatua mia mbili hazifiki. Nikakuta kufuli. Ufunguo alikuwa nao Sheikh Nazmi, mkuu wa wazee wa kanisa, maana sisi mzee wa kanisa tunamwita Sheikh ingawa ni Mkristo wa kuzaliwa. Na Sheikh Nazmi alikuwa mjini Asyut kwenye mkutano wa huduma za afya vijijini. Sitanii. Mufida alifia kwenye ngazi za zahanati, macho yake yakiwa kwenye ule mlango. Wakubwa wakaniambia ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwa na ufunguo.

Zahanati hiyo hufunguliwa wageni wanapokuja. Wageni wakiondoka, kufuli linarudi. Mwaka juzi hawakuja. Mwaka jana walikuja wengine na mashine moja ya mvuke, wakaitumia, wakapiga picha, wakaondoka, na mashine sikuiona tena. Nilimuuliza Kasisi Rifaat.

"Ipo mahali salama, Ami Sidhom."

Salama kwa nani, hakusema. Nikajijibu mwenyewe: wageni wameondoka nayo. Wanaizungusha kijiji hadi kijiji, wanapigiwa picha nayo, wanaifunga begini. Ndivyo nilivyoamini, na mwaka huu niliapa kukaa macho.

Miongoni mwao kulikuwa na msichana mrefu anayesomea uuguzi. Jina lake Meredith, lakini ulimi wa kijiji ulilikataa jina hilo, akaitwa Mariam. Kila asubuhi alimvika Irini ile barakoa, wakakaa wawili wakichekeana bila lugha. Irini alianza kulala vizuri. Akaanza hata kukanda unga mwenyewe, kitu ambacho vumbi la unga lilikuwa limemnyima tangu majira ya baridi. Nami kadiri nilivyomwona anapata nafuu, ndivyo nilivyozidi kuhesabu siku. Mashine ikiondoka, makapi yatabaki.

"Unawatazama watoto wa watu kama polisi," jirani yangu Mama Bushra aliniambia. "Hata malaika akishuka hapa, wewe utamkagua mbawa."

"Akishuka na begi, nitamkagua."

Jumapili ya mwisho Kasisi Rifaat alitangaza kwamba wageni wasifungiwe vyakula, kwa sababu uwanja wa ndege utavitupa na kanisa litaaibika. "Ami Sidhom atasimama mlangoni kuhakikisha," alisema. Hakuniuliza. Nikasimama mlangoni pa ukumbi walipolala wageni, na hakuna chakula nilichokiona kikiingia. Nilichokiona ni wanawake wakipita na mafurushi ya nguo, na kunyamaza wanikaribiapo. Irini naye alikuwamo.

"Umebeba nini?"

"Vitu vya wanawake, baba."

"Vitu vya wanawake tangu lini vinafungwa kwa kamba?"

Akapita bila kunitazama. Mwanangu mwenyewe. Nikajua kuna jambo, na kwamba wamemwingiza yeye ili mimi nisiwe na la kusema.

Asubuhi ya kuondoka basi lilikuja saa mbili. Nikanyanyua begi la kwanza, nikaliweka chini. La pili, hivyohivyo. Dawa zilikuwa zimemezwa, miwani iko usoni mwa watu, bandeji ziko vidondani. Basi uzito huu umetoka wapi? Nikaenda zahanati. Kufuli. Nikachungulia dirishani: meza tupu, mashine hakuna.

Nikarudi, nikalivuta begi la kijani la Mariam mpaka mbele ya basi, nikalikalia.

"Ami Sidhom, safari ni ndefu," Kasisi Rifaat alisema. "Mpaka Kairo ni mwendo wa saa tano."

"Begi lifunguliwe kwanza."

Sheikh Nazmi akaja, kanzu yake imepigwa pasi kama ya bwana harusi. "Sidhom, jua limekupiga?"

"Jua la saa mbili halimpigi mtu, Sheikh. Lifunguliwe."

Mama Bushra akaniinamia sikioni. "Ami, nakuomba, usituaibishe. Waache waende."

Hapo ndipo nilipopata uhakika. Niliinuka, nikavuta zipu kwa mkono wangu. Mariam alisimama kando, uso umemwiva, mikono imeshikana.

Ndani kulikuwa na mikate ya jua, ile tunayoiumua juani, mikubwa, imefungwa kwa kitambaa cha kichwa cha Irini. Kopo la asali nyeusi ya miwa. Mlenda mkavu kwenye soksi. Na bati la jibini ya kale lililozungushiwa utepe wa gundi mara ishirini, na bado lilikuwa linanuka. Nikasukuma huku na huku mpaka chini. Mashine haikuwamo.

Dereva wa basi alifunika pua. "Hilo likifika Marekani wataita jeshi."

Watu wakacheka, wengine mpaka wakashikana mabega. Irini hakucheka. Alikuja akasimama mbele yangu.

"Mlitukataza, baba. Sasa tungefanyaje? Mtu akuhudumie siku kumi na nne, aondoke mikono mitupu kama aliyefukuzwa? Mabegi yote yako hivyo. Kila nyumba imetoa."

Ile mikate niliijua kwa umbo lake, ilikuwa imetoka kwenye tanuri langu. Mariam akamuuliza kasisi jambo, kasisi akamjibu kwa maneno mawili matatu, naye msichana akaweka mkono kifuani pake, namna tunavyoshukuru sisi.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba unahakikisha jibini haitamwagika," alisema Kasisi Rifaat, bila kunitazama.

Aibu ilinishika, nakiri. Lakini aibu haikunijibu swali langu. "Basi muulize mashine ziko wapi."

"Siyo wakati wake, Ami."

Irini hakumngoja. Akamgeukia Mariam, akajifunika pua na mdomo kwa kiganja, akatoa mlio wa mashine, zzz, kisha akatandaza mikono: wapi? Mariam akatabasamu, na kwa mikono yote miwili, kwa furaha, kama mtu anayemwonyesha anayestahili sifa, akamwonyesha Sheikh Nazmi.

Kicheko kilikatika.

"Zipo stoo," Sheikh Nazmi alisema. "Zimehifadhiwa. Vitu vya thamani vile ukiviacha mikononi mwa watu wetu, mwezi haupiti."

"Na ya mwaka jana?"

"Zote zimehifadhiwa."

"Ufunguo?"

"Uko nyumbani kwangu mjini. Nitauleta wiki ijayo."

Nikalifunga begi, jibini ikiwa imesimama wima, nikalikalia tena. Nilikuwa nimeelewa kitu kimoja ambacho ningekielewa mapema kama hasira isingenifumba macho: wageni wakiwapo, milango ya kwetu hufunguka. Basi likiondoka, wiki ijayo haitafika kamwe.

"Nitakaa hapa mpaka wiki ijayo," nikasema.

Dereva akatazama saa. Mariam akatazama saa. Mama Bushra, ambaye dakika chache kabla alikuwa akinisihi niwaache waende, alikuja akakaa juu ya begi la pili. Mwanamke mwingine akakalia la tatu. Kasisi Rifaat akamsogelea Sheikh Nazmi na kumnong'oneza, na Sheikh Nazmi akaingiza mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwa mfukoni.

"Nilisahau," alisema.

Stoo ikafunguliwa, mashine zikatoka tatu. Ya mwaka jana ilikuwa imefungwa nailoni, haijaguswa tangu wageni wale waondoke.

"Kamati itajadili zikae wapi," alisema kasisi.

"Ijadili. Wakati inajadili, moja naondoka nayo."

Niliichomeka kwanza kwenye umeme wa ukumbi, nikaisikiliza mpaka nikaridhika. Mama Bushra akachukua ya pili bila kumuuliza mtu. Ya tatu ikabaki zahanati, mezani. Kisha nikayapakia mabegi yote kumi na moja, peke yangu, na la kijani nikaliweka juu.

Sasa mashine iko kwangu, kwenye rafu karibu na mlango, na mlango siufungi mchana. Irini huitumia, na wengine wanne wa mtaa wetu. Sheikh Nazmi ameshaeneza kwamba Sidhom amejichukulia mali ya kanisa, na wapo wanaomsadiki. Baadhi yao hupita asubuhi, wakisingizia kuomba chumvi, wakatupa jicho kwenye rafu kuona kama bado ipo. Juzi mmoja wao alikiri waziwazi kwamba amekuja kukagua.

Sikukasirika. Laiti tungekuwa tunapita hivyo mbele ya zahanati kila asubuhi, mwaka ule. Nikamwambia aingie, aiwashe, aisikie mwenyewe.