Joto la Tangi la Tatu

Kiwandani walimwita Mama Nyaya, maana kwa miaka kumi na tisa alitambaa chini ya mitambo ya sabuni akiunga nyaya, bisibisi mdomoni. Mdogo wake wa tumbo moja alihudumia matangi ya kuchemshia. Jumatatu asubuhi alimjia mbio.

"Dada, tangi la tatu linaungua, kipimo kinasema halijachemka! Nimeligusa na glavu nikaruka."

Mama Nyaya akapanda ngazi hadi chumba cha kuongozea mitambo. Msimamizi wa zamu akamwonyesha skrini: tangi la tatu, kijani kibichi, nyuzi sitini na mbili.

"Shwari kabisa, mama."

"Skrini yako haina macho," alisema. "Anayehisi joto ni kipimo kule chini. Kinaliambia sanduku la udhibiti, sanduku linafungua au kufunga mvuke, halafu linakuletea habari wewe, nawe unazipeleka makao makuu. Kipimo kikidanganya, tumedanganyika wote mpaka mkurugenzi. Sasa hivi sanduku linadhani tangi limepoa, linazidi kulijaza mvuke. Zima!"

"Nizime kitu cha kijani? Wakubwa watanila nyama. Andika ombi."

Akaandika. Jibu lilirudi Alhamisi: takwimu hazionyeshi hitilafu. Tangi lilikuwa limepasuka Jumatano, na mdogo wake alikuwa wodini, amefungwa bendeji mwili mzima. Jumamosi akakata roho.

Kamati ya uchunguzi ilikuja na karatasi kutoka makao makuu. Nyuzi sitini na mbili, mstari baada ya mstari, hadi dakika ya mlipuko. Mama Nyaya akaeleza upya, akachora visanduku, kimoja juu ya kingine. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akaangalia saa. Wakaandika kuwa mhudumu alifungua mfuniko kinyume cha utaratibu.

Nyumbani mama yao alikuwa amekaa kitandani kwa marehemu.

"Eti mwanangu alijiunguza mwenyewe?"

"Ndivyo walivyoandika, mama."

"Na wewe unayejua hayo madude, ulifanya nini?"

Koki ya mkono ya kukata mvuke ilikuwapo, hatua tatu kutoka kwenye tangi. Kuifunga bila ruhusa ni kufukuzwa kazi. Siku mbili nzima Mama Nyaya alipita kando yake akisubiri jibu.