Chango cha Mzee Kashindye

Hebu niambie, mjukuu wangu, kabla hujaushika huo msumari: ukuta umeugonga ukausikiliza? Hizi kuta zenu za jipsamu zinang'aa kama sahani, lakini nyuma yake ni upepo mtupu. Msumari utaingia kama unaingia kwenye andazi, utafurahi, utatundika gitaa lako, na asubuhi utalikuta sakafuni limevunjika shingo. Anza kwenye kona. Gonga kwa fundo la kidole, polepole, sikio liwe karibu. Panapojibu bu, bu, pana utupu. Panapojibu ko, sauti kavu, nyuma yake imesimama mbao. Hapo ndipo pa kutoboa, na utie skrubu ndefu, siyo msumari. Hayo nilimwona akiyafanya shemeji yangu Hilari kwenye ukuta wa udongo, enzi za Mwingereza. Kazi yenyewe hakuikosea hata kidogo. Na kwa kulitundika gitaa lake, damu ilimwagika ndani ya nyumba.

Nikueleze nyumba kwanza. Ilikuwa Itetemia, nje ya mji wa Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara, ile ambayo baba mkwe wangu, Mzee Kashindye, aliipita ujanani na pembe ya ndovu begani mpaka pwani na kurudi. Alipochoka na kubeba mizigo ya watu alijenga hapo hapo kando ya njia. Nguzo za miti ya kawaida, fito, kamba za gome la mti wa muyombo, kisha udongo wa kichuguu. Nguzo moja tu, ya katikati ya ukuta wa sebule, ilikuwa ya mninga, mti mgumu usioliwa na mchwa, na kwenye nguzo hiyo, kabla ukuta haujakandikwa, alifunga chango. Ni kijiti kinene cha kutundikia kitu, kimejikunja kidogo mbele kama kidole kinachoita. Kilikazwa kwa kamba kule ndani, udongo ukaja juu yake, kwa hiyo ulichokiona nje ni kile kijiti tu. Hapo mzee alitundika upinde wake. Mimi nilikuwa mke wa mwanawe mkubwa, Lugembe, na kila baada ya mavuno ndimi niliyekuwa nikiupaka ukuta ule udongo mweupe, nikizunguka chango kwa ncha za vidole.

Sasa, desturi ya ukoo ule. Mwenye nyumba akifa, upinde unashushwa na kupelekwa kwa mkubwa wa ukoo. Chango kinabaki kitupu mpaka tanga liondolewe na wazee wakae. Yule anayeitwa akaambiwa, tundika, huyo ndiye mrithi: nyumba ni yake, jina la marehemu ni lake, na wadogo zake wanamsalimu kama baba yao. Kabla ya hapo hakuna mkono unaokigusa kile kijiti, hata wa kufuta vumbi. Na upinde hauombwi. Mtoto akisema nautaka upinde wa baba, ni kama amesema alikuwa akingojea baba afe. Tulikuwa Wakatoliki, padri alimzika mzee kwa sala zote, lakini habari ya chango hakuna aliyemuuliza padri.

Lugembe aliutaka ule upinde mpaka ukamwondolea usingizi. Hakusema. Mimi nilijua kwa kulala naye kitanda kimoja. Mzee alipoanguka upande mmoja wa mwili ukafa, ni Lugembe aliyembeba mgongoni kumpeleka chooni, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akazikataa kazi za reli ili asiende mbali. Hilari, mdogo wake, wakati huo alikuwa vitani Burma. Na mzee, ulimi ukiwa mzito, alikuwa akiita jina moja tu. Hilari yuko wapi? Hilari amekula? Lugembe anamfuta mate, anamjibu, amekula, baba.

Mzee akafariki, na baada ya muda si mrefu Hilari akashuka kwenye treni, kofia ya kijeshi kichwani, gitaa la Nairobi mgongoni. Alilia kaburini kama mtoto. Watu wakaanza maneno. Huyu amesoma, huyu amevuka bahari, huyu ndiye aliyeitwa na mzee mpaka dakika ya mwisho. Jirani yetu Jilala, mtu asiyejua kufunga mdomo, alimtania Lugembe kisimani mbele za watu, akamuuliza kama ameshajifunza kumwamkia mdogo wake shikamoo. Lugembe akacheka pamoja nao. Alipofika nyumbani alimpiga punda kwa mpini wa jembe mpaka mpini ukakatika na punda akapiga magoti. Jioni ile mimi, kwa ujinga wa kutafuta la kusema, nikasema Hilari amekuwa mtu mzima siku hizi. Alinipiga kofi nikaangukia mafiga. Hakuwa amewahi kunipiga. Alinitazama, akatazama kiganja chake, akatoka nje.

Siku iliyotangulia kikao cha ukoo, Hilari alikuwa peke yake sebuleni na gitaa lake. Nje kulikuwa na mbuzi na watoto wa majirani, chini kulikuwa na mchwa, na lile gitaa aliliogopea kuliko roho yake. Nilikuwa napepeta uwele mlangoni, namwona. Alijaribu msumari kwanza. Ukaingia, ukashika kidogo, akauvuta kwa kidole, ukatoka na kipande cha udongo kikubwa kama mkate. Akakohoa vumbi, akacheka, akaniambia, shemeji, nyumba hii imesimama kwa heshima tu. Akaanza kugonga. Kona hadi kona, sikio ukutani. Mchwa walikuwa wameshakula zile nguzo nyingine zikabaki maganda, kila pahali ni bu, bu. Nikajiinamia kwenye ungo wangu, sikuwaza. Alipofika katikati nikasikia ko.

Ile nguzo ya mninga. Na chango kiko pale, kitupu, kimenyoosha kidole.

Unajua alichukuliwa jeshini angali kijana, na babu yake alikufa kabla yeye hajazaliwa. Upinde alizoea kuuona umetundikwa tangu utoto, kuutundika hajaona mtu akiutundika. Aliyokaa nayo miaka yote ya ujana ni makambi, ambako kijiti kitupu ukutani ni cha yeyote mwenye begi. Akakikamata chango kwa mikono miwili, akakunja miguu, akaning'inia mzima mzima ili akipime. Hakikutikisika. Akapitisha ukanda wa ngozi kwenye shingo ya gitaa, akafunga fundo, akalitundika, akarudi nyuma hatua kadhaa kulitazama. Nilipoinua macho lilikuwa limeshaning'inia.

Niliuangusha ungo. Nikamwambia, shemeji, lishushe, lishushe upesi. Akauliza kwani limepinda? Na Lugembe akawa ameingia.

Alikuwa ametoka kukata kuni za wageni wa kesho, panga mkononi. Alisimama kwenye kizingiti, akakitazama chango kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Kisha akaweka panga chini, taratibu kabisa, nikashusha pumzi. Akalichomoa gitaa kwa shingo na kumpiga nalo mdogo wake usoni.

Tumbo la gitaa lilipasuka kwa kishindo, nyuzi zikalia zote pamoja. Hilari alidhani ni ulevi. Alikuwa akisema kaka, kaka, huku damu ikimwingia jichoni, na Lugembe anampiga kwa kile kipande cha shingo kilichobaki, kichwani, begani, kwenye mikono aliyojikinga nayo. Hakusema neno, alikuwa akihema tu kama mtu anayetwanga. Hapo uaskari ukamwamka Hilari. Aliinama, akamwingia Lugembe tumboni kwa kichwa, wakaangukia mtungi, maji yakamwagika, akamkalia kifuani akampiga ngumi za puani mpaka nikasikia mfupa. Mimi nimemshika Hilari shati, shati likachanika, nikabaki na kola. Nikapiga yowe. Lugembe akakipata kidole cha Hilari mdomoni akakiuma, akampindua, akampiga goti la ubavu. Hilari akajiviringisha mpaka ukutani, haoni, uso wote ni damu na udongo.

Akataka kusimama. Akapapasa ukuta, udongo ukamwangukia. Akapapasa tena juu kidogo, mkono wa kushoto, ukakutana na kitu cha kushika. Akakikamata, akajivuta.

Lugembe alichokiona ni mkono wa Hilari umekizunguka chango cha baba yao. Panga lilikuwa pale alipoliweka. Hapo ndipo alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Kiachie," alisema.

Hilari hakujua kinachosemwa. Akakaza mkono ili asianguke. Panga likashuka. Nikasikia sauti ya kukata muwa, na vidole vyake viwili vikaanguka kwenye maji ya mtungi, na yeye akakaa chini akavitazama, kisha akautazama mkono, na hakulia. Aliyelia ni Lugembe.

Majirani wakajaa. Jilala ndiye aliyempora panga, na wengine wakamwangusha Lugembe wakamfunga mikono nyuma kwa kamba ya mbuzi, wakamburuta uani wakampiga. Walimpiga kwa fimbo, kwa mateke, mama mmoja kwa mwichi wa kutwangia. Hakujikinga. Nililala juu yake, nikala fimbo zilizokuwa zake, mgongo huu unazo alama mpaka leo. Wangemmaliza kama asingefika baba mkubwa Ngollo, kaka wa marehemu, mkubwa wa ukoo, ambaye alikuwa ameshasikia yowe tangu kwenye majaruba ya mpunga. Alisimama katikati yao na mkongojo wake, akasema atakayepiga tena aanze na yeye.

Hilari alipelekwa hospitali ya mjini kwa baiskeli, mkono umefungwa kwa khanga yangu. Dresa, yule mfunga vidonda, alipomuuliza, alijibu kwamba alikuwa akipasua kuni. Dresa aliutazama uso wake ulivyovimba, akamuuliza kama na hizo kuni zilimpiga ngumi. Hilari akasema ndiyo. Askari hawakuitwa.

Kikao kilikaa hata hivyo, ila kilichelewa mpaka homa ya Hilari ishuke. Wazee walikaa sebuleni mle mle. Nilikuwa nimepaka udongo mpya ukutani, lakini ile damu iliyoingia ndani ya kijiti haikutoka, nilisugua kwa mchanga na majivu nikashindwa. Upinde ulikuwa umelala magotini kwa baba mkubwa Ngollo, umefungwa kwenye ngozi. Lugembe aliletwa, uso umegeuka kama boga lililopigwa na mvua ya mawe, pua imelala upande. Akakaa chini, mbali na mkeka. Mdogo wake alikaa upande wa pili, mkono wa kushoto kifuani, umefungwa kitambaa cheupe.

Mzee mmoja akasema hakuna la kujadili, aliyekata vidole vya ndugu yake hawezi kuinua mkono ule ule akatundika. Mwingine akasema basi apewe Hilari. Hilari akaomba kusema. Akasema nyumba haitaki, kwamba yeye anakwenda kutafuta kazi Kigoma kwenye meli, na kwamba hakujua habari ya chango. Akasema hayo ya kutojua mara nyingi, kama mtu anayeeleza kwa lugha ya kigeni. Alikuwa akitafuta ukuta unaoshika tu. Angeambiwa mapema, angelilaza gitaa kitandani, yeye akalala chini.

Mtu mmoja akacheka kidogo.

Baba mkubwa Ngollo akamgeukia Lugembe. Alikuwa mtu mpole, lakini siku ile sauti yake ilikuwa ya kisu. Akamwambia: "Mwenzako amesema alichokitaka. Alitaka mahali pa kutundika. Vidole vimekwenda kwa hilo. Sasa wewe tuambie ulikuwa unataka nini."

Lugembe akainamisha kichwa. Wote mle ndani tulijua ni kitu gani anaambiwa akitoe mdomoni, na kwamba mtoto wa ukoo ule hajapata kukitamka. Wazee wengine walitazama pembeni kumsitiri. Nilidhani atanyamaza kama alivyonyamaza miaka yote, kwa mzee, kwangu, kisimani, na upinde utaondoka ukiwa bado umefungwa kwenye ile ngozi. Mimi niliomba moyoni anyamaze, kisha nikaomba aseme.

Akaanza, midomo ikampasuka upya, akaipangusa kwa mkono. Hakumtazama baba mkubwa. Alimtazama mdogo wake.

"Nilitaka nyumba hii," alisema. "Nilitaka mimi niambiwe tundika. Niliitaka namlisha uji, niliitaka nimembeba mgongoni. Niliitaka angali hai, Hilari, kila alipokuita wewe."