Mgeni Aliyetumwa Kuchukua Rubabu

Afisa Esmatullah alifika kwa jirani yangu, Mzee Ghausuddin, Jumatatu asubuhi, kuchukua rubabu. Serikali mpya ilikuwa imepiga marufuku muziki, na gambusi hilo la mti wa mforsadi lilikuwa limetundikwa ukutani tangu enzi za babu wa mzee huyo. Nyumba ni ya chumba kimoja. Hapakuwa na pa kulificha.

"Karibu, tangulia," alisema mzee, akatoka nje na kusogea kando ya mlango.

"Hasha! Nikutangulie wewe mwenye mvi? Pita, baba."

"Mgeni ndiye hutangulia."

"Mkubwa ndiye hutangulia. Mama yangu ni wa hapa hapa Herat. Akisikia nimekupita, atanilaani."

Hakuna aliyepita. Mchana Mahjabin, mke wa mzee, aliwapa chai na pilau kupitia dirisha. Adhuhuri walibishana nani awe imamu, mwishowe kila mmoja akaswali peke yake. Usiku walilala kizingitini, huyu upande huu, yule upande ule. Siku ya tatu ofisi ilileta barua kuuliza kazi imefikia wapi. Esmatullah akajibu: "Bado ninaingia."

Siku ya sita Mahjabin alichoka kutoka na kuingia kwa dirisha. Aliita fundi, akabomoa ukuta, akaupanua mlango. Wanaume wale wakaingia bega kwa bega, na sisi majirani nyuma yao.

Afisa aliiona rubabu. "Mashallah," ikamponyoka. "Nzuri kweli."

Sote tukamgeukia mzee. Kwetu mgeni akisifu kitu, mwenyewe humpa.

Mzee akaionyesha kwa mkono. "Ni yako, mwanangu. Chukua."

"Inampendeza mwenyewe, baba."

"Chukua, nakuomba."

"Hapana, baba. Ibaki kwako."

Sasa ilibaki kuitoa mara ya tatu, na mara ya tatu mgeni anaweza kukubali bila aibu. Mzee aliitungua, akaipangusa vumbi kwa kilemba chake, akainyoosha mbele kwa mikono miwili.

"Wallahi, ni yako."

Esmatullah aliirudisha kifuani kwa mzee.

"Mimi nimetumwa kunyang'anya," alisema kwa upole. "Kupokea zawadi sikutumwa."

Akaaga, akaenda zake. Ofisini aliandika nini, sijui.

Mzee aliketi chini, rubabu mapajani.

"Wewe mzee una wazimu?" Mahjabin alifoka. "Na angekubali, je?"

"Ningempa."

"Rubabu ya babu yako!"

"Babu yangu naye angempa," alisema mzee, akaanza kulia.