Tundu Alilolifunga Awil

Nilikuwa ndani ya eda ya mume wangu Kerrow, miezi minne na siku kumi bila kwenda popote, na mdogo wake Awil akaitumia nafasi hiyo kubadilisha kufuli ya gereji yetu. Nilipomaliza eda nilimkuta mlangoni, kajaa tele.

"Abaayo, dada yangu, mwanamke na mota wapi na wapi? Rudi nyumbani."

Nilirudi, lakini roho iliniwaka. Gereji ile tulikuwa tunaifungua mimi na Kerrow kila asubuhi, na mota nyingi za pikipiki za umeme, zile zinazokaa ndani ya gurudumu, zilipita mikononi mwangu.

Vijana wa boda wa hapa Garissa wana tabia moja mbaya. Ijumaa wanatoka barabara ya Habaswein gurudumu likichemka, wanaitumbukiza pikipiki mtoni Tana kuiosha kabla ya swala. Mota yenye joto ikikutana na maji baridi huyavuta ndani. Kwa hiyo mimi na Kerrow tulipaka grisi ndani, tukatoboa tundu dogo ukingoni mwa kifuniko cha mota, ili gurudumu likizunguka maji yarushwe nje. Awil alipoliona alicheka, akasema kaka yake alikuwa fundi wa kubahatisha. Akaliziba tundu la kila mota kwa gundi ya silikoni.

Habari zilinifikia. Ningeweza kumwonya kwa sentensi moja. Nilinyamaza, nikanywa chai yangu, na nilifurahi. Sioni haya kusema.

Haikupita miezi mitatu, mota zikaanza kukwaruza, kisha kufa. Wateja wakahamia uani kwangu, nikawa nawatengenezea hapo nyumbani. Mwisho akaja Awil mwenyewe, anasukuma pikipiki yake.

"Abaayo, hii mota imekataa kabisa. Niangalilie."

Niliifungua mbele ya vijana wote wa boda waliokuwa wakisubiri zamu. Maji mekundu yakamwagika, sumaku zimeliwa na kutu.

"Nani aliziba hapa?"

"Wallahi ni mimi. Sema bei."

"Sitaki pesa. Nataka ufunguo wa gereji, na useme mbele ya hawa ulivyoupata."

Aliwatazama vijana. Hakuna aliyemtetea. Akanipa ufunguo.

"Nilibadilisha kufuli yeye akiwa eda," alisema chini chini.

"Sijasikia."

Akarudia kwa sauti. Ufunguo nilikuwa nimeshaushika, ningeweza kumwachia hapo. Nilimwambia aseme tena, na safari hii aanze kwa kumtaja kaka yake kwa jina.